Radhi Niliyompa Mize

Watu wakija kunitazama siku hizi huanza na miguu. Bi Riziki, miguu vipi? Nami huwajibu, miguu haijambo, mmoja hunitii mimi na mmoja hutii serikali. Hucheka, tukanywa chai, wakaenda zao. Hakuna anayeniuliza habari za mwanangu, na hizo ndizo zilizonikondesha kuliko maradhi yenyewe. Sasa nimesikia kuna mwanamke Mwembetanga ameanza kuugua kama nilivyougua mimi, naye ana watoto wadogo. Nimeona niyaandike haya kwa ajili yake. Ya madaktari sitayaeleza kwa sababu siyajui. Nitaeleza yaliyopita ndani ya nyumba yangu, na mengine yananitia haya mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Tumbatu. Niliolewa mjini, Kajificheni, na Makame, seremala wa makabati. Tulikaa ghorofa ya pili pamoja na mama yake, Bi Kazija, na binti yetu wa pekee, Mize. Kazi yangu ilikuwa kushona kofia. Asiyeijua kazi hii huona kofia nyeupe tu, kumbe ile ina vitobo vidogo chungu nzima, na kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano nyembamba mpaka kikaze. Mshona kofia macho ndiyo jembe lake. Nilikuwa nashona dirishani tangu watu wakitoka msikitini asubuhi mpaka mchele upande motoni, na mdomo wangu ulipumzika kidogo kuliko mikono.

Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, katika joto la kaskazi, Mize aliugua surua. Alikuwa na miaka sita. Kwetu mwenye surua hatengwi. Tulifunga madirisha, tukatundika tawi la mwarobaini mlangoni, hatukukaanga kitu ndani ya nyumba, tukawa tunampa uji. Mimi sikuwahi kuugua surua. Nilipokuwa mdogo haikufika kisiwani kwetu, au ilifika ikanipita. Makame alinionya nilale chumbani kwa mama yake mpaka mtoto apoe. Nikamwuliza ni mama gani anayemwogopa mwanawe. Nikalala naye kitanda kimoja, pua kwa pua, na uji aliouacha nikaumalizia kwa kijiko kile kile.

Mize akapoa, surua ikanishika mimi. Mtu mzima mwenye surua ni kichekesho cha mtaa. Mashoga zangu walikuwa wakinipigia kelele kutoka chini, ati nishuke tukacheze kibe kama watoto. Niliugua sana, lakini nikainuka, ngozi ikachunuka, nikarudi dirishani kwangu. Nilidhani yamekwisha.

Masika yalipoanza, jicho la kulia likaniuma kila nikiligeuza. Kisha rangi zikaanza kunikimbia. Kanga nyekundu ya Bi Kazija niliiona imepauka kama iliyofuliwa mwaka mzima, nikamwuliza kwa nini hadai mpya kwa mwanawe. Akanitazama. Kanga ilikuwa mpya, Makame alimnunulia wiki ile ile. Baada ya hapo nyayo zikawa zinakanyaga usufi badala ya sakafu. Nikiinamisha shingo katika sala, kitu kilinipita uti wa mgongo mpaka vidoleni, kama niliyeshika waya wa taa. Nikawa nakiogopa kichwa changu mwenyewe. Nilisali nimekaa, na sikumwambia mtu kwa nini.

Hospitali kubwa nimeijua kama watu wanavyoijua nyumba ya shangazi. Baraza la wanawake lilikuwa la saruji, lina baridi asubuhi na linachoma adhuhuri, na anayejua hukaa upande wa mlango wa dawa kwa sababu kivuli hukawia hapo. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mguu uliovimba ambaye kila siku ya zamu yake alikuja na visheti akawauzia wagonjwa wenzake. Alinibakishia viwili vilivyovunjika, akavikunja katika karatasi, na pesa akakataa. Sikupata kulijua jina lake. Nimemwombea dua mara nyingi kuliko ndugu zangu.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mkalimani wake kijana wa Kingazija. Alinichoma nyayo kwa pini, akanigonga magoti, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Kisha akauliza niliugua nini kabla ya jicho. Nikasema surua. Akauliza nani aliniambukiza. Nikasema mwanangu.

Hapo akazungumza kwa muda, na kijana akanitafsiria. Wako madaktari wanaodhani kwamba maradhi kama surua yakishapita huacha mlango wazi, na maradhi haya ya mishipa yakaingia baadaye, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Wako wasiodhani hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa hajui. Alilirudia neno hilo, hajui, na mimi nilimpenda kwa hilo, kwani wengine wote walionitazama walikuwa wanajua.

Mdomo uliponza kichwa. Nilirudi nyumbani nikayasimulia yote juu ya sinia la wali, nikicheka, namwigiza daktari na kidole chake. Makame yupo, Bi Kazija yupo, Mize yupo anachambua miba ya samaki. Nilisema surua ya mtoto imeniachia mlango wazi. Bi Kazija akamwambia jirani wa chini, jirani akamwambia mwuza maziwa, na wiki haikwisha mtaa mzima ulijua kwamba surua ya Mize ndiyo iliyomlemaza mama yake. Lile "sijui" la daktari halikufika hata ngazini.

Bi Kazija alikuwa na yake ya kuongeza. Alisema surua yangu haikutoka yote, imerudi ndani, na dawa ya kitu kilichorudi ndani ni nyungu. Basi kila baada ya alasiri ulichemshwa mtungi wa majani, mchaichai na mwarobaini na mengine asiyoyataja. Nikainamishwa juu yake, nikafunikwa blanketi, nikatoka jasho mpaka nakaribia kuzimia. Aliyetumwa kutafuta majani ni Mize. Na kila nilipotoka chini ya blanketi lile jicho lilikuwa giza tupu na miguu imelegea, nikabebwa mpaka kitandani. Wao wakasema inatoka. Mimi mwenyewe niliona kwamba siku isiyo na nyungu ndiyo siku niliyoweza kuvuka chumba bila kushika ukuta. Mwanamke mzee anakupulizia moto kwa pumzi yake mwenyewe, machozi ya moshi yanamtoka, utamwambiaje kwamba anakuumiza? Baadaye sana niligundua kwamba joto la namna yoyote ndilo adui yangu, na maji ya kisima, baridi, ndiyo rafiki. Wewe wa Mwembetanga, hilo ujaribu mwenyewe, na kama ni hivyo usilionee haya.

Vuli ilipofika miguu ilikuwa imekufa mpaka kiunoni. Kisha mkojo ukafunga. Makame na wenzake wa karakana wakanishusha kwa kiti, nikalazwa. Sitaki kueleza mpira walionitia wala sindano ya uti wa mgongo iliyoniacha na kichwa kinachopasuka. Nitasema tu kwamba nilizoea kuoshwa na watu nisiowajua, na kwamba muuguzi mmoja mnene alikuwa ananisitiri kwa kanga yake mwenyewe, pazia likikosekana. Homa ikapanda, ikakataa kushuka.

Alasiri moja, saa ya kuwaona wagonjwa, walikuja wote kwa pamoja. Hapo nikajua. Watu wa nyumba moja hawaji kwa pamoja ila wameambiwa kitu. Bi Kazija akakaa ukingoni mwa kitanda akaniomba radhi kwa kila neno alilonitupia tangu nilipoingia nyumbani kwake. Nikamwia radhi, nami nikaomba yangu, na yalikuwa mengi. Makame akaomba yake. Ndiyo desturi yetu, mtu haendi safari na deni la moyo. Kisha Bi Kazija akamsukuma Mize mbele, kwa upole kabisa, akamwambia amwombe radhi mama yake.

"Nnaomba radhi, mama," Mize akasema.

Mtoto wa miaka saba ana kosa gani la kumwomba mamaake radhi mautini? Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza. Nilikuwa naungua kwa homa, nampenda, nataka aende na neno zuri la mwisho. Nikamshika kichwa.

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Nshakusamehe, duniani na akhera."

Wote wakalia. Muuguzi mnene naye akalia. Mize hakulia. Alikuwa anaitazama miguu yangu chini ya shuka.

Basi sikufa. Watu wamekulilia, umewasamehe, wamekusamehe, halafu homa inashuka na unaomba maji ya ndimu. Kuugua si kufa, wazee walisema, lakini hawakusema nini kinafuata. Nilichomwa sindano nyekundu kama juisi ya komamanga, duru baada ya duru, kaskazi yote. Siku moja kidole gumba cha mguu wa kushoto kilitikisika, nikamwita muuguzi aje akione, kikakataa kutikisika tena mpaka alipoondoka. Nilirudishwa nyumbani kwa kiti kile kile. Mapaja yalikuwa yamekonda kama ya kuku wa kienyeji, na nywele zilitoka nikichana. Nilikuwa navaa vitambaa kama mtoto mchanga, na aliyekuwa akivifua ni Bi Kazija, mwenye umri wa kufuliwa yeye. Nilikuwa nasikia anavipiga pale uani, nikajigeuza ukutani. Mwanamke niliyegombana naye miaka kumi juu ya chumvi ya mchuzi, na sasa sikuwa na haki ya kugombana naye juu ya kitu chochote.

Mize hakunikaribia. Nikiomba maji aliyaleta, akayaweka chini kwenye kizingiti, akarudi nyuma, mpaka bibi yake aje anipe. Akipiga chafya alishuka ngazi mbio. Kula alikula peke yake, kwa kisahani chake. Bi Kazija akamsifu ati amekuwa na adabu, hapigi kelele. Na kila mtoto alipoharibu kitu, akivunja kikombe au akimwaga mafuta, bibi yake alimtuliza kwa maneno yale yale: usijali, mama ako keshakusamehe.

Nilidhani ananiona kinyaa. Nilijua nanuka. Niliumia, na mimi nikiumia huwa mkali, nikaacha kumwita. Mama yangu mzazi, anayekaa Mkokotoni, alipokuja kunitazama akaniomba amchukue Mize mpaka nipate nguvu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilimwambia Makame ni kwa ajili ya mtoto, nyumba ya ugonjwa si nyumba ya mtoto. Uongo. Nilimtoa kwa sababu sikuweza kuvumilia kuonekana vile na mwanangu. Mize akafunga nguo zake bila kulia na bila kuuliza atarudi lini. Ile safari ya kutoka chumbani mpaka ngazini aliipita ameshika pua na mdomo kwa ncha ya mtandio, na mimi nikageuza uso.

Masika yakapita. Kipupwe kilinirudisha duniani, kwa kuwa baridi ndiyo hunipa miguu. Nilisimama, nikashika meza, nikashika mkongojo, nikafika dirishani. Jicho moja likarudi nusu, la pili lilikuwa zima siku zote. Nikaanza kofia tena, mbayambaya, vitobo vimekwenda upande, na Makame akaivaa ile ya kwanza msikitini siku ya Ijumaa mbele za watu. Kila mtu alisema nimepona. Mize sikumrudisha. Nilikuwa nangoja aniulizie, naye hakuniulizia.

Kisha mama yangu akaja mjini, uso umembadilika. Jirani yake kule alikuwa na mtoto mchanga aliyepata homa. Siku hiyo Mize alitoweka, wakamtafuta mpaka magharibi, wakamkuta kajificha nyuma ya kibanda cha nyavu. Aliposhikwa aliapa kwamba hakumgusa mtoto yule, hata kumtazama karibu hakumtazama. Mama akamwuliza kwani wewe una nini. Akajibu ana surua iliyorudi ndani. Yule mchanga ikimpata, mamaake hatamsamehe kama alivyosamehewa na mama yake. Mama yangu akamwambia hukumfanya mama ako kitu chochote, wewe.

"Kama sikumfanya kitu," Mize akamjibu, "alinisamehe nini?"

Mama yangu aliyasema haya akiwa bado na buibui lake mwilini. Mimi nilikaa na sindano mkononi. Tangu pale hospitali mpaka siku ile, mtoto alikuwa amebeba hukumu, na aliyeitia muhuri ni mimi, kwa mapenzi, na mkono wangu juu ya kichwa chake. Nikakumbuka maji kwenye kizingiti. Nikakumbuka chafya. Hakuwa akiniona kinyaa. Alikuwa ananilinda na nafsi yake. Nililia kwa namna ambayo sikulia kwa miguu wala kwa jicho.

Makame akataka kwenda kumchukua. Nikakataa, nikasema nitakwenda mwenyewe, hata kwa magoti. Tulipanda gari la shamba alfajiri, kabla jua halijapata nguvu ya kunilegeza, na mama yangu amenikalisha kati yake na dirisha. Kutoka kituoni mpaka kwake nilipumzika mara nyingi, kila baraza nililolikuta nilikaa, nikajibu maswali ya miguu.

Mize alikuwa uani anapaa samaki. Amerefuka. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, naye akainuka na kisu chake akaenda kukaa upande wa pili, mbali, upepo ukitokea kwangu kwenda kwake. Hata upepo alikuwa anaupima. Nikaketi juu ya kinu kilicholazwa, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha.

"Mize, nimekuja kuichukua radhi yangu."

Akaacha kupaa.

"Ile niliyokupa hospitali. Nilikupa bure. Hukuwa na kosa, na asiye na kosa hasamehewi. Nirudishie."

"Surua nilikupa mimi," akasema, anamtazama samaki.

"Ulinipa. Sitakudanganya. Baba ako alinikataza kulala nawe, nami nikalala. Ungeugua leo ningelala tena."

"Na daktari kasema."

"Daktari kasema hajui. Mimi ndiye niliyekuja kulisema nusu."

Nikamwambia kwamba mwenye kosa yuko, naye ni mimi. Nilimleta huku kwa sababu nilidhani ananikimbia, wala sikumwuliza. Nikamwambia, mimi mama yake, ndiye ninayemwomba yeye radhi.

Paka akamsogelea samaki, naye asimfukuze.

"Sikuwii radhi," akasema.

Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, akapiga audhubillahi, akamwambia mtoto atake radhi haraka, mama haambiwi hivyo. Nikamwomba anyamaze. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Mize hakumkasirikia mtu tangu miguu yangu ilipolegea. Alikuwa anaona hana haki.

"Ulinitoa kama paka," akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Paka anatiwa guniani anakwenda kutupwa. Hukuniaga. Hukunitazama hata kunitazama. Idi imepita, nguo umeleta wewe hukuja. Nilikuwa nnangoja kila gari!"

Akaendelea. Alinipa yote, na ya nyungu pia, majani aliyokuwa akiyachuma huku anajua yananipofua na hakuna aliyemsikiliza. Kila neno alisogea hatua, mpaka akawa amesimama mbele ya magoti yangu anapiga kelele, magamba ya samaki mikononi. Mate yake yakanirukia usoni. Alikuwa amesahau kukaa mbali. Sikuyafuta, nilichelea akikumbuka atarudi nyuma.

Tulirudi naye mjini siku ya pili. Alinuna njia nzima. Bi Kazija nilimweleza mwenyewe, taratibu, na akaenda kulia jikoni, kisha akamkaangia mjukuu wake vitumbua. Neno la kusamehewa halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Maradhi yangali nami. Yalirudi kaskazi iliyofuata, yakachukua vidole vya mkono wa kushoto, yakaviachia nusu. Yatarudi tena, Mungu ndiye ajuaye. Wewe mwenzangu wa Mwembetanga, wakikujia watu wako kuombana radhi, ombaneni. Lakini mtoto akisukumwa mbele, muulize kwanza ya nini.

Yangu sijaipata. Kila Shaabani ikiwa ukingoni, watu wakienda nyumba kwa nyumba kuombana radhi kabla ya mfungo, mimi humwita Mize nikamwomba, naye hunijibu bado. Mwaka huu nimemwomba akiwa sakafuni mbele ya kiti changu, mguu wangu juu ya paja lake, ananikata kucha nisizoweza kuzikata mwenyewe. Hakuinua kichwa.

"Bado, mama," akasema. "Lete mguu wa pili."